Breki za Gari la Binti Yake

Pedeli ya breki ilizama mwishoni mwa njia iliyonyooka, pale ambapo uwanja wa mbio unakata kushoto ghafla. Mzee alikuwa ameikanyaga kama alivyoikanyaga asubuhi yote ile, akitegemea ukinzani wake wa kawaida chini ya soli. Mguu ukaenda hadi sakafuni bila kukutana na chochote, kana kwamba amekanyaga sponji iliyolowa. Akaipiga tena na tena. Gari likapunguza mwendo kidogo tu, tena kwa shingo upande. Akashusha gia, injini ikapiga ukelele, akavuta breki ya mkono, na gari likaacha lami na kuingia kwenye kokoto zilizomwagwa pale kwa ajili ya watu wenye bahati mbaya kama yake. Kokoto zikatwanga chini ya gari kama mvua ya mawe, kisha kila kitu kikanyamaza.

Alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili. Hakuwa ameumia, wala gari halikuwa limegonga kitu; ukuta wa matairi ulikuwa bado mbele yake, karibu kiasi cha kusoma maandishi ubavuni mwa kila tairi. Kilichomtisha zaidi kilikuja baadaye, wakati trekta la kuvuta magari lilipokuwa likijikokota kuelekea kwake. Aligusa pedeli na kuikuta imeanza kurudi. Walipofika kwenye maegesho ilikuwa imesimama imara kama vile haikufanya kosa lolote.

"Umechemsha mafuta, Babu Reli," alisema mwanamume mnene aliyeitwa Kona, mwenyeji wa uwanja ule, huku akiinama kunusa gurudumu la mbele. "Mafuta ya breki yanakunywa maji kutoka hewani, mwaka hadi mwaka. Diski za breki zikipata moto, yale maji yanachemka na kuwa mvuke. Sasa wewe unakanyaga, unabana mvuke tu. Breki huko chini hazina habari."

"Na yakipoa?"

"Yakipoa mvuke unarudi kuwa maji, pedeli inasimama, na wewe unajiona uko salama."

Mzee alifungua boneti. Kwenye kichupa cha mafuta ya breki, kilichotakiwa kuwa na kitu cheupe chenye umanjano wa mbali, mlikuwa na rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Alijiuliza ni lini yalibadilishwa mara ya mwisho, akagundua kwamba hajui. Na gari lenyewe halikuwa lake.

Lilikuwa la binti yake, mpima macho, ambaye siku za kazi alilitumia kumpeleka mtoto wake shule na kisha kwenda kliniki. Nyumba ilikuwa juu ya mlima. Shule na kliniki zote zilikuwa chini bondeni. Barabara iliyounganisha huku na huko ilishuka kwa kona za kubana, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili kingo za chuma zilizokunjwakunjwa na malori.

Mzee alikuwa dereva wa treni tangu ujanani hadi alipostaafu. Kustaafu hakukumfaa. Nyumbani kwa binti yake alikaza bawaba ambazo hazikulegea, alihamisha kabati kutoka ukuta huu hadi ule, kisha akalirudisha. Chakula alikula nusu amesimama. Siku moja binti alichoka kumwona akipima veranda kwa miguu, akamweleza kuhusu uwanja wa mbio ulio nje ya mji, ambao Jumamosi moja kila mwezi huwafungulia watu wa kawaida waje na magari yao ya kawaida. Alimpeleka kama mzaha. Mzee alishuka kwenye gari siku ile macho yakimng'aa.

"Unajua nini?" alimwambia binti. "Maisha yangu yote nimekata kona pale reli ilipotaka. Leo nimekata pale nilipotaka mimi."

Tangu hapo hakuambilika.

Siku ile ya kokoto alirudi nyumbani polepole, akijaribu breki kabla ya kila makutano, akijificha nyuma ya malori ili apate kisingizio cha kwenda taratibu. Binti alimkuta uani amepiga magoti, akichokonoa vijiwe kwenye matundu ya rimu.

"Breki zilikataa," alisema kabla hajaulizwa.

"Zilikataaje?"

Akamweleza yote, hata ukuta wa matairi. Binti alisikiliza akiwa amejifunika kanga mabegani, na kadiri alivyosikiliza ndivyo kanga ilivyozidi kukazwa.

"Baba, ina maana wiki nzima hii nimekuwa nashuka mlima na mtoto nyuma, kwa mafuta hayo hayo?"

"Kwenye mlima hayapati moto kama wa uwanjani."

"Sikuuliza moto. Nimeuliza kama ni mafuta hayo hayo."

"Ni hayo hayo," alikubali. "Ndiyo maana halitoki hapa mpaka niyabadilishe."

Binti alichuchumaa kando yake. "Na uwanjani utarudi?"

Mzee alirudi kwenye vijiwe vyake. Tangu alipotolewa kwenye kokoto, akili yake ilikuwa bado inakata ile kona. Usiku ule, kila alipofumba macho, mguu wa kulia ulikanyaga godoro.

Wiki ilianza. Binti na mtoto walipewa lifti na jirani, na mzee akabaki na gari lililosimama uani. Hakuweza kukaa nalo. Alitembea hadi dukani kwa muuza vipuri, mwanamke mcheshi aliyekuwa na mdomo mwepesi kuliko mkono, na mkono wenyewe haukuwa mzito.

"Shikamoo, mzee wangu. Mafuta ya breki? Yako ya kila aina. Gari la nini?"

"La nyumbani. Lakini mara moja kwa mwezi linakwenda uwanjani kukimbizwa."

"Ahaa! Basi wewe si wa kupewa namba nne, yale ya magari ya kawaida. Chukua namba tano."

"Kwa nini tano?"

"Mzee wangu, tano si kubwa kuliko nne?"

Mzee alicheka licha ya wasiwasi aliokuwa nao. Kona alikuwa amemwonya mapema: namba tano ni ya silikoni, haichanganyiki na mafuta ya kawaida, hubonyea kidogo ikipata joto, na gari lake halikuundwa kwa ajili hiyo. Alipomweleza muuza vipuri hivyo, yule hakutahayari hata kidogo. Alipanda kigoda, akashusha kopo jeusi lenye picha ya miali ya moto.

"Basi hili. Hili wanatumia wale wa mashindano. Huwezi kulichemsha hata uwe na jiko."

Kopo lilikuwa zito mkononi, na namba yake ya kuchemka ilikuwa imechapishwa kubwa kama bei ya sokoni. Mzee alilitazama, akaona ile kona ya kushoto, akaona mguu wake ukikuta pedeli pale ilipo. Alilinunua bila kuuliza la pili.

Njiani alipitia gereji kwa Spana, fundi aliyelihudumia gari lile tangu lilipokuwa jipya, ili amwazime mpira wa kutolea upepo kwenye mabomba ya breki. Spana alifuta mikono, akaligeuzageuza lile kopo.

"Mafuta mazuri sana haya," alisema. "Swali ni moja tu. Nani atayabadilisha?"

"Mimi."

"Kila baada ya kutoka uwanjani? Maana haya yameundwa kwa siku ya mashindano. Siku ile ni simba. Lakini yanakunywa maji haraka, na yakishakunywa ile namba kubwa haipo tena. Halafu ni mazito kidogo. Gari hili lina zile breki za umeme za kuzuia matairi yasikwame, vitundu vyake ni vyembamba. Asubuhi za baridi kule kwenu mlimani, sijui."

"Nitayabadilisha kila mwezi. Sina kazi nyingine."

"Hapo umesema," alijibu Spana, naye akampa mpira.

Jioni mzee aliweka kopo katikati ya meza ya chakula kama mtu aliyeleta posa. Maandishi madogo ya nyuma yalimshinda. Aliyasogeza, akayarudisha mbali, akabadilisha taa. Binti akalichukua mkononi mwake.

"Mpima macho yupo, wewe unahangaika na taa," alisema, akaanza kusoma. Alisoma kimya mara ya kwanza, kisha kwa sauti. Yabadilishwe baada ya kila mashindano. Hayakukusudiwa matumizi marefu ya barabarani.

"Nimeshamwambia Spana nitayabadilisha kila mwezi."

"Na ukiumwa?"

"Siumwi."

"Na ukienda kwa shangazi, ukakaa kule kama ulivyokaa mwaka jana, mvua zikakukuta huko huko? Gari linabaki na mafuta yako, Baba. Mimi ndiye nashuka nalo. Sitajua yamekunywa maji kiasi gani. Nitakuwa nakanyaga tu na kuomba Mungu."

"Kwa hiyo unataka niache."

"Sijasema uache. Nimesema gari liwe salama hata siku ambayo hupo."

Mzee alisimama. Alizunguka meza, akaenda dirishani, akarudi, akagusa kiti bila kukikalia. Miaka yote aliyoendesha treni, abiria walilala nyuma yake kwa sababu yeye alikuwa macho. Hakuwahi kufikiria chombo ambacho kingepaswa kuwalinda watu yeye akiwa hayupo. Alitaka kumjibu binti kwa ukali, na ukali wenyewe ulikuwa tayari ulimini, lakini kila alipoupeleka mbele ulikuta yule mtoto amekaa kiti cha nyuma, akining'iniza miguu.

"Nitafikiri," alisema mwishowe, akatoka kwenda kupima veranda.

Asubuhi alikuwa dukani kabla milango haijafunguliwa. Kopo lilikuwa na muhuri wake, halijaguswa.

"Limekufanya nini?" muuza vipuri aliuliza.

"Halijanifanya kitu. Nataka namba nne. Si ile ya kawaida kabisa. Ile nzuri ya barabarani, nyepesi, inayokubaliana na breki za umeme. Nisomee namba mbili: inachemkia wapi ikiwa mpya, na inachemkia wapi ikishakunywa maji."

Muuza vipuri alimtazama upya, kisha akashusha makopo kadhaa na kusoma moja baada ya jingine, sasa bila mzaha. Mzee alichagua lile ambalo namba yake ya pili ilikuwa bora, ingawa namba ya kwanza haikuifikia ile ya kopo jeusi.

"Utalia uwanjani, mzee wangu," mwanamke alisema akimfungia.

"Nitalia polepole. Kwa mwendo mdogo."

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili, mmoja kwenye pedeli na mwingine kwenye gurudumu. Binti alipokuwa na nafasi, asubuhi ya mapumziko, alikaa kwenye kiti cha dereva akiwa na viatu vya ndani. Mzee alilala ubavu nyuma ya gari, spana mkononi, mpira umechomekwa kwenye kinati cha kutolea mafuta na ncha yake imezamishwa kwenye chupa.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Akafungua kinati. Uchafu wa rangi ya chai ukateremka kwenye mpira, ukifuatana na mapovu. Akafunga. "Achia."

Wakaendelea hivyo, kanyaga, shikilia, achia, gurudumu la mbali kwanza kisha la karibu. Mara binti aliachia kabla kinati hakijafungwa, na mpira ukavuta hewa kwa sauti ya mtoto anayemalizia juisi.

"Nimesema shikilia!"

"Usinipigie kelele, Baba. Mimi si msaidizi wako wa treni."

"Msaidizi wangu wa treni alikuwa anasikia."

"Na mshahara alikuwa anapata."

Binti akaanza kucheka, na gari likatikisika kidogo. Mzee akacheka chini kule, tone la mafuta likamwangukia kwenye shavu, akaruka kwenda bombani kunawa, maana mafuta yale hayana urafiki na ngozi, wala na rangi ya gari.

"Unajua kwenye treni ni kinyume," alisema aliporudi. "Upepo ndio unaoziachia breki. Bomba likipasuka, upepo ukatoka, breki zinakamata zenyewe. Treni ikiharibika inasimama. Hili dude likiharibika linakwenda. Sijui nani aliona hilo ni sawa."

Binti alifuta usukani kwa kiganja. Kisha akauliza, kutoka kule kwenye kiti, pasipo kuonana uso kwa uso, "Baba, kwa nini huwezi kutulia?"

Mzee alikaza kinati, akakigusa tena kuhakikisha. "Pale mbele ya treni nilikuwa na dirisha. Kila nikilitazama, lina kitu kipya. Sasa nikikaa kitini, ukuta ni ule ule. Naona kama nimeshushwa kituo ambacho sikukata tiketi yake."

"Ungeniambia."

"Ungefanya nini? Ungehamisha ukuta?"

"Ningekaa kwenye pedeli mapema," binti alisema. "Haya, gurudumu gani sasa?"

Walipomaliza, mafuta yaliyokuwa yakitoka yalikuwa safi, yakipitisha mwanga. Pedeli ilisimama juu, ngumu, bila ulegevu. Siku ya kwanza ya kazi mzee aliomba kwenda nao bondeni. Katika kila kona ya mteremko alikanyaga zulia mbele ya kiti cha abiria.

"Toa mguu, Baba. Huko hakuna pedeli."

"Nanyoosha goti."

"Linanyooka kila kwenye kona?"

Jumamosi ya uwanja ilipofika, binti alimwacha mtoto kwa jirani, akaenda naye. Walikuwa wamekubaliana nyumbani: mizunguko minne, wa tano wa polepole ili diski zipoe kwa upepo, kisha kutoka. Na akishasimama asivute breki ya mkono diski zikiwa bado na moto. Kona alisikia masharti hayo akacheka hadi tumbo likacheza.

"Umekuja na polisi wa barabarani, Babu Reli?"

"Nimekuja na mwenye gari," mzee alimjibu.

Aliingia uwanjani. Mzunguko wa kwanza alikanyaga mapema mno, kila mtu akampita. Wa pili akasogeza kidogo. Kwenye kona ya kushoto pedeli ilimpokea juu, ngumu, na gari likajipinda pale alipolitaka. Aliguna kwa furaha peke yake ndani ya kofia ngumu ya mbio. Mzunguko wa tatu alianza kumkaribia kijana mwenye gari jekundu aliyempita kwa dharau mwanzoni. Damu ikachemka. Akachelewesha mguu kidogo, na kidogo tena.

Pedeli ilishuka. Haikuzama, ilishuka upana wa kidole tu, kama ngazi iliyolika. Mtu mwingine asingeihisi. Mzunguko mmoja wa kasi ulikuwa bado wake kwa makubaliano, gari jekundu lilikuwa pale pale mbele ya pua yake, na muuza vipuri alikuwa sikioni mwake na kopo jeusi. Na kopo lile, alijua, lisingeshuka. Angempita kijana yule leo hii.

Mkono ulitaka gia ya juu. Mguu ulitaka pedeli ya mafuta. Mzee alipiga kelele ndani ya kofia, neno lisilofaa kuandikwa, kisha akaachia. Alizunguka taratibu, akawapisha wote, akatoka uwanjani.

"Umetoka mapema," binti alisema.

"Ilishuka kidogo." Alikuwa anahema. "Kidogo sana. Ningeweza kuendelea."

"Lakini umetoka."

"Nimetoka. Na nimekasirika, usiniongeleshe."

Alikasirika muda mrefu. Alikwenda hadi mwisho wa maegesho akarudi. Diski zilipopoa alikanyaga pedeli, akaikuta imerudi juu kabisa. Alipoinua kichwa, binti alikuwa amesimama pembeni mwa mlango, kofia ngumu ameshaivaa, imempwaya.

"Zamu yangu," alisema.

"Yako wapi? Wewe hujawahi..."

"Gari la nani?"

Mzee akabaki kwenye uzio. Alimwona binti akiingia na kundi la wanaoanza, amekaa wima kama yuko kwenye mtihani. Mzunguko wa kwanza alikwenda kama anayepeleka mayai. Wa pili mabega yalilegea. Wa tatu mzee hakuweza kuona mabega, kwa sababu gari lilipita kwa mngurumo na yeye akajikuta anakimbia kandokando ya uzio, akipaza sauti kwamba akanyage sasa, sasa, wakati hakuna mtu aliyeweza kumsikia isipokuwa Kona.

"Tulia, Babu Reli!"

"Nitulie vipi na yule ni mwanangu?"

Mzunguko wa tano, ule wa polepole, ulifika, na binti hakupunguza mwendo. Alipita mlango wa kutokea moja kwa moja. Mzee aliushika uzio kwa mikono miwili. Alihesabu kona kwa masikio, injini ikipungua, ikipanda, ikipungua. Kwenye ile ya kushoto sauti ilipungua kama inavyotakiwa, matairi yakalia kidogo, kisha ikapanda tena. Mzunguko mmoja zaidi, sasa wa taratibu, ndipo gari likaingia kwenye maegesho, likinuka joto.

Binti alivua kofia. Nywele zilikuwa zimesambaa, na uso ulikuwa uso ambao mzee hakuwa ameuona tangu siku binti huyo alipofaulu mitihani yake ya kazi.

"Umepitiliza," alimwambia.

"Najua."

"Tulikubaliana."

"Pedeli ilikuwa juu muda wote, nilikuwa naipima. Nimekosea, najua, usinitazame hivyo." Alishuka, akapiga hatua mbili, akageuka. "Lakini Baba, ile kona! Kuna nafasi nyingine mchana?"

Mzee alitaka kumgombeza. Alitafuta ule ukali, akakuta hana. "Kama diski zitapoa," alisema. "Si kabla."

"Basi tukae tusubiri."

Hawakukaa. Walizunguka gari, yeye upande huu na binti upande ule, wakinyoosha viganja karibu na magurudumu kupima joto, wakiulizana kila mara kama limepungua, mpaka mtu wa bendera wa uwanja alipoita kundi lao.